Kupima Saratani ya Mapafu Mapema: Nani Apime, Nani Alipe

Saratani ya mapafu inaua watu wengi kuliko saratani nyingine yoyote duniani. Mwaka 2022 peke yake iliua watu wapatao milioni 1.8. Ubaya wake mkubwa ni kwamba huanza kimya. Ndani ya mapafu hakuna mishipa ya kusikia maumivu, kwa hiyo kivimbe kinaweza kukua kwa muda mrefu mtu akiwa anakula, anafanya kazi na analala vizuri. Kikohozi kikija, au damu ikionekana kwenye kohozi, mara nyingi ugonjwa umekwisha kusambaa.

Ndiyo maana picha ya CT ya mionzi kidogo ni habari njema. Ni kipimo kilichothibitishwa kwa utafiti mkubwa kwamba kinapunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa watu waliovuta sigara sana, kikifanywa kabla ya dalili yoyote. Hata hivyo, huko Marekani, ambako kimependekezwa tangu mwaka 2013, wanaostahili na wakapima kweli ni chini ya mmoja kati ya watano. Wengine hawajui kwamba kipo. Wengine wanaogopa majibu. Wengine wanaogopa bili.

Makala haya yanahusu hofu hiyo ya mwisho. Nayaandika hasa kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, Uingereza na Kanada, walio karibu na huduma hii, na kwa wale wanaotuma fedha nyumbani ili wazazi wao wapimwe. Ushauri wangu ni huu: usilinganishe bei ya picha tu. Picha ni hatua ya kwanza. Linganisha gharama ya hatua zote zinazoweza kufuata, na ujue mapema kila hatua italipwa na nani.

Anza kwa kuhesabu sigara

Kabla ya kuuliza bei, jua kama unastahili. Madaktari wa Marekani hupima uvutaji kwa idadi ya pakiti kwa siku mara idadi ya miaka. Wengi wetu tulizoea kununua sigara moja moja dukani, kwa hiyo njia rahisi ni hii: chukua idadi ya sigara ulizovuta kwa siku, zidisha kwa miaka uliyovuta, kisha gawanya kwa 20.

Aliyevuta sigara 20 kwa siku kwa miaka 20 anapata 20. Aliyevuta 10 kwa siku kwa miaka 40 anapata 20 vilevile. Aliyevuta tano kwa siku kwa miaka 40 anapata 10.

Tangu Machi 2021, jopo la wataalamu wa kinga la Marekani, linalojulikana kama USPSTF, linapendekeza kipimo hiki kila mwaka kwa mtu mwenye umri wa miaka 50 hadi 80, aliyefikisha 20 kwa hesabu hiyo, ambaye bado anavuta au ameacha ndani ya miaka 15 iliyopita. Shirika la American Cancer Society liliondoa sharti la miaka 15 mwezi Novemba 2023, kwa kuwa hatari haiishi siku mtu anapofikisha miaka hiyo tangu aache. Tofauti hiyo inagusa mfuko moja kwa moja, kwa sababu kampuni za bima hufuata USPSTF. Aliyeacha sigara miaka 18 iliyopita anaweza kushauriwa na daktari wake apime, kisha bima ikakataa kulipa. Ikiwa hali yako ni hiyo, uliza kabla ya kulala kwenye mashine.

Kuna kundi ambalo vigezo hivi havilioni: mama aliyepika kwa kuni maisha yake yote, au mke aliyeishi miongo kadhaa na mume mvutaji. Moshi huo unadhuru, na wanaougua saratani ya mapafu bila kuwahi kuvuta wapo. Lakini tafiti kubwa zilizothibitisha faida ya CT zilifanywa kwa wavutaji na walioacha. Kwa asiyewahi kuvuta, uwezekano wa kupewa hofu bure ni mkubwa, na uwezekano wa kufaidika haujapimwa vya kutosha. Mtu huyo azungumze na daktari kuhusu hatari yake yote kwa jumla. Asijinunulie picha kwa sababu ya tangazo.

Unapata nini kwa fedha hiyo?

Ushahidi mkubwa wa kwanza ulitoka Marekani, kwenye utafiti uitwao NLST, uliotangazwa mwaka 2011. Watu 53,454 wenye umri wa miaka 55 hadi 74, wote wavutaji wa muda mrefu au walioacha, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipigwa CT ya mionzi kidogo mara moja kwa mwaka kwa miaka mitatu, na jingine X-ray ya kifua. Vifo vya saratani ya mapafu katika kundi la CT vilipungua kwa asilimia 20. Mwaka 2020 utafiti wa NELSON wa Uholanzi na Ubelgiji ulionyesha kwamba baada ya miaka 10, vifo hivyo vilipungua kwa asilimia 24 kwa wanaume waliopimwa, vikilinganishwa na wasiopimwa kabisa.

Asilimia 20 inasikika kubwa, na inafaa kuielewa kwa watu badala ya asilimia. Katika NLST, kati ya watu 1,000 waliopigwa X-ray, takriban 21 walikufa kwa saratani ya mapafu katika kipindi cha miaka sita hivi. Kati ya 1,000 waliopigwa CT, walikufa takriban 18. Watatu waliokolewa. Kwangu hao watatu ni wengi, kwa sababu kila mmoja ana watu wanaomtegemea. Lakini ni vyema kujua kwamba kupima hakumkingi kila mtu na kifo.

Upande wa pili wa mizani ni majibu ya kutisha ambayo si saratani. Katika NLST, karibu watu wanne kati ya kumi wa kundi la CT waliambiwa angalau mara moja kwamba kuna kitu kimeonekana. Kati ya majibu yote ya namna hiyo, asilimia 96 hayakuwa saratani. Yalikuwa makovu, tezi zilizovimba, alama za maambukizi ya zamani. Mwaka 2014 Chuo cha Wataalamu wa Radiolojia cha Marekani kilileta mfumo wa kupanga majibu uitwao Lung-RADS, na vigezo vyake vikitumika kwa takwimu za NLST, majibu ya kutisha ya picha ya kwanza yalipungua kwa takriban nusu. Kwa hiyo kituo kinachotumia mfumo huo kina faida ya wazi kwako.

Msomaji aliyewahi kuugua kifua kikuu (TB) azingatie hili kwa makini. Kovu la TB huonekana kwenye CT na linaweza kufanana na kivimbe kipya. Mwambie daktari mwaka uliotibiwa, na ikiwa una picha za zamani, hata kama zilipigwa Kigoma, Mombasa au Bukavu, zipeleke. Kovu ambalo halijabadilika kwa miaka mingi linaweza kukuepusha na vipimo vya ziada vya gharama kubwa.

Vipimo vinavyouzwa, kimoja kimoja

*X-ray ya kifua.* Ndiyo rahisi kuliko vyote na ndiyo inayowekwa kwenye vifurushi vingi vya uchunguzi wa afya. Lakini utafiti wa Marekani uitwao PLCO, wenye washiriki wapatao 155,000, ulionyesha mwaka 2011 kwamba kuwapiga watu X-ray kila mwaka hakupunguzi vifo vya saratani ya mapafu. X-ray inafaa kwa mgonjwa mwenye kikohozi au anayeshukiwa TB au nimonia. Kwa mvutaji asiye na dalili anayetafuta uhakika, picha safi ya X-ray ni faraja ya uongo.

*CT ya mionzi kidogo.* Hiki ndicho kipimo cha makala haya. Hakuna sindano wala dawa ya kunywa, na mtu hushika pumzi sekunde chache tu. Mionzi yake ni takriban milisivati 1.5, nusu ya ile ambayo mkazi wa Marekani hupata kwa mwaka kutoka ardhini na angani.

*CT ya kawaida ya kifua.* Mionzi yake hufikia takriban milisivati 7. Ni ya kumchunguza mgonjwa, na haifai kurudiwa kila mwaka kwa mtu mzima wa afya. Ukiona cheti cha daktari kimeandika CT ya kifua bila kutaja mionzi kidogo, uliza.

*Vipimo vya damu vya saratani nyingi.* Huko Marekani kipimo cha Galleri kimeuzwa kwa dola 949. Hakichukui nafasi ya CT katika miongozo ya saratani ya mapafu. Mvutaji anayestahili CT bila malipo hana sababu ya kuanza na kipimo hicho.

Marekani: nani analipa picha ya kwanza

Mwenye bima ya kazini au aliyonunua kwenye soko la bima. Sheria ya bima ya mwaka 2010 inazitaka bima nyingi kulipia huduma zilizopendekezwa na USPSTF bila kukutoza chochote. Picha ya kila mwaka inaingia humo, mradi utimize vigezo na uende kwenye kituo kilicho ndani ya mtandao wa bima yako. Bima za muda mfupi hazibanwi na sharti hilo.

Mwenye Medicare, bima ya serikali kuu hasa kwa wazee. Tangu mwaka 2015 Medicare inalipia, na Februari 2022 vigezo vilipanuliwa: umri wa miaka 50 hadi 77, hesabu ya 20, unavuta au umeacha ndani ya miaka 15, na huna dalili. Kabla ya picha ya kwanza lazima ukae na daktari au mhudumu mwingine aliyeidhinishwa mzungumze faida, madhara na kuacha sigara. Ukiruka mazungumzo hayo, madai yanaweza kukataliwa. Angalia pia umri: jopo linasema hadi 80, Medicare inaishia 77.

Mwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Majimbo mengi hulipia, lakini masharti hutofautiana. Piga simu iliyo nyuma ya kadi yako, na omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali na programu zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Usimtumie mtoto wako kutafsiri mazungumzo ya saratani.

Asiye na bima. Vituo vingi hutoza anayelipa taslimu kati ya dola 100 na 400. Bei hutofautiana sana hata ndani ya mji mmoja, kwa hiyo piga simu vituo kadhaa. Tangu Januari 2022 una haki ya kupewa makadirio ya maandishi kabla ya huduma, na bili ikizidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi unaweza kuipinga rasmi. Hospitali zisizo za faida lazima ziwe na mpango wa msaada wa kifedha, na vituo vya afya vya jamii hutoza kulingana na kipato. Uliza yote mawili kabla ya kutoa kadi ya benki.

Bili inayokuja baadaye

Hapa ndipo watu huumia. Picha ya kila mwaka ni ya bure kwa sababu ni kinga. Ikionyesha kitu kinachohitaji kufuatiliwa, hatua inayofuata huhesabiwa kuwa uchunguzi wa ugonjwa, na mlango wa malipo hufunguka.

Kwenye Lung-RADS, daraja la 1 na la 2 maana yake ni kurudi baada ya mwaka. Daraja la 3 ni kurudi baada ya miezi sita. Daraja la 4A kwa kawaida ni miezi mitatu, na madaraja ya juu yake huweza kuhitaji picha ya PET au kuchukua kinyama kwenye pafu. Picha ya miezi mitatu au sita huweza kukutoza kiasi unachotakiwa kulipa mwenyewe kabla bima haijaanza kazi, kisha sehemu ya kinachobaki. Kwenye Medicare ya kawaida sehemu hiyo ni asilimia 20, isipokuwa kama una bima ya nyongeza.

Kwa hiyo mtu mwenye bima ya makato madogo kila mwezi, lakini yenye kiwango kikubwa cha kujilipia mwanzo, anaweza kupata picha ya bure mwezi Machi na bili ya mamia ya dola mwezi Septemba. Hilo lisimzuie anayestahili. Limfanye aweke akiba, na akichagua bima mwisho wa mwaka, atazame kiwango hicho kabla ya kutazama makato ya mwezi.

Jambo jingine dogo lenye thamani: kila huduma ina namba kwenye bili. CT ya uchunguzi wa mapema ni 71271. CT ya kawaida ya kifua bila dawa ni 71250. Ukitozwa kwa picha yako ya kila mwaka, angalia namba iliyoandikwa. Ikiwa ni 71250 ilhali ulikwenda kwa uchunguzi wa mapema, omba kwa utulivu isahihishwe kabla hujalipa.

Uingereza na Kanada

Huko Uingereza swali si bei. Serikali ilitangaza Juni 2023 mpango wa taifa wa kupima mapafu katika eneo la England, kwa watu wenye umri wa miaka 55 hadi 74 waliowahi kuvuta sigara. Mtu hualikwa kwa barua au simu, huulizwa maswali ya kupima hatari yake, na aliye juu ya kiwango hupigwa CT bila malipo, mara nyingi kwenye lori maalumu lililoegeshwa karibu na maduka makubwa. Mwaliko hutoka kwenye orodha ya daktari wa mtaa, yaani GP. Asiyejiandikisha haonekani. Kujiandikisha kwa GP hakuhitaji hati ya makazi wala hati ya uhamiaji. Mzee aliyejiunga na familia yake Leicester au London na hajajiandikisha, huo ndio msaada wa kwanza mnaoweza kumpa.

Nchini Kanada huduma ni ya mkoa. British Columbia ilianza mwaka 2022, na Ontario nayo ina mpango wake. Vigezo na umri hutofautiana, lakini picha na ufuatiliaji wake hulipwa na bima ya umma. Gharama inayobaki ni nauli na siku ya kazi.

Unapotaka kuwalipia wazazi nyumbani

Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo hazina mpango wa taifa wa kupima saratani ya mapafu kwa watu wasio na dalili. CT ipo kwenye hospitali kubwa, na mwenye fedha anaweza kuilipia. Naelewa moyo wa mtoto aliye mbali anayetaka kuitumia ile fedha kwa jambo kubwa. Lakini nchi hizo nne zote zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa TB, kwa hiyo makovu kwenye picha yatakuwa ya kawaida. Kila kivimbe kitahitaji picha nyingine, pengine kuchukua kinyama, na wapasuaji wa kifua wakihitajika ni wachache na foleni ni ndefu. Ukinunua picha moja bila uwezo wa kulipia yanayofuata, unawanunulia wazazi wasiwasi.

Baba mzee aliyevuta sana, asiye na dalili, na ambaye familia inaweza kulipia ufuatiliaji wote, azungumze na daktari bingwa wa mapafu kwanza. Kwa wengine, fedha ileile ina kazi bora. Kikohozi kinachozidi wiki tatu, damu kwenye kohozi, kupungua uzito bila sababu au sauti kukauka ni dalili za kwenda hospitali mara moja. Na mtu aliyemaliza dozi ya TB lakini bado anakohoa, au ambaye makohozi yake hayaonyeshi TB, asirudishiwe dawa zilezile bila kuchunguzwa zaidi. Hapo CT haitakuwa uchunguzi wa mapema, itakuwa sehemu ya matibabu, na hapo ndipo fedha ya mtoto inaweza kuokoa mzazi.

Maswali ya kuuliza kituo

- Je, hii ni CT ya mionzi kidogo ya uchunguzi wa mapema, na mnatumia Lung-RADS?
- Kituo kimeidhinishwa na Chuo cha Wataalamu wa Radiolojia?
- Nitalipa kiasi gani leo, na kiasi gani nikihitaji picha nyingine baada ya miezi sita?
- Majibu nitayapata kwa nani, na baada ya siku ngapi?
- Kikionekana kivimbe, timu ya mapafu na wapasuaji mko nao hapa au mtanipeleka kwingine?

Kituo kinachojibu maswali haya kwa uwazi kinastahili fedha yako hata kikiwa ghali kidogo. Kinachotangaza bei ya chini na kubabaika kwenye swali la tatu na la tano kikwepe.

Uamuzi wangu

Ukitimiza vigezo na bima au serikali inalipa, pima, na urudi kila mwaka. Picha moja haitoshi, kwa kuwa manufaa yaliyoonekana kwenye tafiti yalitokana na kupima kwa kurudia. Ukitimiza vigezo lakini huna bima, tafuta kwanza msaada wa hospitali, kisha kituo chenye makadirio ya maandishi. Usipotimiza vigezo, weka fedha yako. Na kama afya yako kwa ujumla haiwezi kuhimili upasuaji au tiba, mwambie daktari hivyo kabla ya kupima, maana kipimo kisicho na tiba mbele yake hakina faida.

Bado kuna kinachoshinda mashine zote kwa thamani ya fedha. Uchambuzi wa takwimu za NLST ulionyesha kwamba waliokaa miaka saba bila sigara walipunguza hatari yao ya kufa kwa saratani ya mapafu kwa takriban asilimia 20, kiasi kilekile cha CT. Walioacha kwa miaka 15 na kupimwa pia walipunguza kwa asilimia 38. Kuacha hakudai bima wala umri wa miaka 50, na kila pakiti usiyoinunua ni akiba. Huko Marekani simu ya 1-800-QUIT-NOW ni ya bure, na Uingereza ina huduma ya NHS isiyolipiwa. Anayevuta leo afanye mambo mawili wiki hii: apige simu ya kuomba msaada wa kuacha, na amuulize daktari wake kama anastahili CT.